Mwanafunzi Akihama Nchi, Jalada Lake Liende Naye

(Maandishi ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Sumbawanga)



Katika maofisi na mashule ya mkoa huu hakuna neno linalofahamika vema kuliko neno uhamisho. Mwalimu anayetoka Namanyere kwenda Matai, au bwana shamba anayetoka Laela kwenda Kirando, hupokea barua, hufunga mizigo yake na kupanda gari. Nyuma yake masjala hulitayarisha jalada lake na kulipeleka katika kituo kipya. Cheo chake hakipungui njiani, wala miaka yake ya kazi haifutwi kwa sababu amebadili wilaya. Malipo ya uhamisho yanaweza kuchelewa na manung'uniko yakawapo, lakini hakuna mkuu wa kituo awezaye kumwambia aanze upya kama mwajiriwa wa jana. Sababu ni moja tu: anakotoka na anakokwenda, mwajiri ni yule yule.

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayehama kutoka nchi moja kwenda nchi nyingine hana bahati hiyo. Yeye huondoka, na jalada lake hubaki. Chuo alichokiacha hakiwajibiki kwa chuo anachokwenda, na chuo kinachompokea hakilazimiki kuamini kwamba miaka miwili aliyosoma ni miaka miwili kweli. Pasipoti humvusha mpakani, lakini haimwingizi katika mwaka wa tatu wa masomo. Hapo ndipo vijana wengi, na wazazi waliouza ng'ombe na mahindi ili kuwasomesha, hupata hasara ambayo hawakuitazamia.

Jambo hili linawahusu sana watu wa Ufipa. Sumbawanga iko karibu na Mbala ya Zambia kuliko ilivyo karibu na Mbeya. Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili za mpaka, kwa sababu mpaka huo ulichorwa na Wajerumani na Waingereza bila ya wao kuulizwa. Kwa mzazi wa Kalambo, kumpeleka mwanawe kusoma Zambia kwa njia ya Kasesya si safari ya ajabu. Ni kwenda kwa ndugu. Wengine huwapeleka watoto wao Uganda na Kenya, na wengine hufika India, China na Ulaya. Kisha fedha hupungua, au mzazi hufariki, au vita huzuka, au kozi huonekana haifai, na kijana hutaka kuhamia chuo kingine, mara nyingi hapa nyumbani. Ni katika saa hiyo ndipo swali la jalada hutokea.

Haifai kudhani kwamba hali imekuwa hivi tangu zamani. Afrika Mashariki iliwahi kuwa na dawa ya ugonjwa huu. Tarehe 28 Juni, 1963, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa, na Mwalimu Julius Nyerere akawa Mkuu wake wa kwanza. Chuo hicho kilikuwa na matawi matatu, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Tawi la Dar es Salaam lilikuwa limeanza tarehe 25 Oktoba, 1961, likiwa na wanafunzi 13 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kazi ziligawanywa kwa makusudi, kwani hakuna nchi moja iliyokuwa na uwezo wa kujenga kila kitu. Mtanganyika aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka udaktari au kilimo alikwenda Makerere, na Mkenya na Mganda waliotaka sheria walikuja Dar es Salaam. Shahada aliyotunukiwa kila mmoja wao ilikuwa ya chuo kikuu kimoja. Kwa lugha ya ofisini, mwajiri alikuwa mmoja.

Mpango huo ulidumu miaka saba. Kila taifa lilikuwa na haja ya wataalamu wengi zaidi na kwa haraka zaidi, na kila taifa lilitaka chuo chake. Tarehe 1 Julai, 1970, vikazaliwa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa. Hakuna haja ya kulaumu uamuzi huo, maana vyuo hivyo vimezaa matunda mengi. Lakini ni dhahiri kwamba tangu siku hiyo mwanafunzi aliyevuka mpaka aligeuka kuwa mgeni, na jalada lake likawa mali ya nchi moja. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ya Afrika Mashariki ilivunjika, na ukuta ukazidi kuwa mrefu.

Tangu hapo kazi ya kushona upya kitambaa kilichochanika imekuwa ikiendelea polepole. Kamati ya vyuo vikuu iliyobaki baada ya 1970 ilikuwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki mwaka 1980, na makao yake yako Kampala. Mwaka 1981 nchi za Afrika zilikutana Arusha na kupitisha mkataba wa kutambuliana masomo na shahada, mkataba uliofanyiwa marekebisho Addis Ababa mwaka 2014. Mwaka 2015 Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ilipata mwongozo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu, na mwezi Mei, 2017, wakuu wa nchi walitangaza kwamba eneo lote la Jumuiya ni eneo moja la elimu ya juu. Zambia si mwanachama wa Jumuiya hiyo, lakini Tanzania na Zambia zote zimo katika SADC. Itifaki ya elimu ya SADC ya mwaka 1997 inazitaka nchi wanachama kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi za vyuo vikuu kwa wanafunzi wa nchi nyingine za umoja huo, na kuelekea kuwatoza ada kama wenyeji.

Maneno hayo ni mazuri na yamekwisha andikwa. Lakini mkataba wa wakuu wa nchi haukai katika dirisha la msajili wa chuo. Msajili hutazama karatasi zilizo mbele yake. Kwa hiyo watu wa vijijini hawana budi kujua msajili hutazama nini.

Kwanza, hutazama saa za kazi. Vyuo vikuu hupima masomo kwa krediti, na watu wengi hudhani krediti ni krediti popote, kama kilo ya mahindi ilivyo kilo Sumbawanga na Mpanda. Sivyo. Kwa kipimo cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani, maktabani na katika kujisomea. Shahada ya kwanza haipungui krediti 360, yaani 120 kwa kila mwaka wa miaka mitatu. Katika kipimo cha Ulaya mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na kila moja ni saa 25 hadi 30. Marekani shahada ya miaka minne huwa na krediti 120 hivi, yaani 30 kwa mwaka. Basi vijana watatu wakirudi nyumbani kila mmoja akisema ana krediti 60, wa kwanza, aliyesoma hapa nchini, amesoma nusu mwaka. Wa pili, wa Ulaya, amesoma mwaka mmoja. Na wa tatu, wa Marekani, amesoma miaka miwili. Tarakimu ni ile ile, lakini kazi si ile ile. Mzazi asiyelijua hili anaweza kudhani mwanawe ameonewa kumbe hakuonewa, au akanyamaza kumbe ameonewa kweli.

Pili, msajili hutazama ngazi ambayo mwanafunzi alianzia. Nchini Tanzania njia ya kawaida ya kuingia chuo kikuu ni kupitia kidato cha sita, na shahada nyingi huchukua miaka mitatu. Zambia, kwa miaka mingi, mwanafunzi alimaliza sekondari darasa la 12 na kuingia chuo kikuu moja kwa moja, akasoma miaka minne. Kenya nayo iliondoa kidato cha sita ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Kwa sababu hiyo mwaka wa kwanza wa chuo cha nchi moja unaweza kuhesabiwa katika nchi nyingine kuwa sawa na kidato cha sita tu. Kijana aliyesoma miaka miwili ng'ambo ya mpaka akarudi, akaambiwa aingie mwaka wa pili badala ya wa tatu, pengine hakudhulumiwa. Alikosa mtu wa kumweleza mapema.

Tatu, hutazama kilichofundishwa. Jina la somo halitoshi. "Hesabu ya Kwanza" ya chuo kimoja inaweza kuwa na mambo ambayo chuo kingine hufundisha mwaka wa pili. Ndiyo maana msajili huomba muhtasari wa kila somo: mada zilizofundishwa, vitabu vilivyotumika, saa za mihadhara na maabara, na kiwango cha alama za kufaulu. Mwanafunzi asiyekuwa na karatasi hizo huhukumiwa kana kwamba hakusoma.

Ili uzito wa jambo hili uonekane, inafaa kumkumbuka mtu ambaye jina lake linaheshimiwa sana Tanzania, Dkt. Eduardo Mondlane wa Msumbiji. Mondlane alikuwa mwanafunzi wa kuhamahama kwa kulazimishwa. Mwaka 1949 serikali ya makaburu ilimfukuza kutoka Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kwa kuwa alikuwa Mwafrika kutoka nje. Mwaka 1950 aliingia Chuo Kikuu cha Lisbon, na huko polisi wa siri wa Kireno hawakumwacha apumue. Mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 31, alihamia Chuo cha Oberlin katika jimbo la Ohio, Marekani. Oberlin haikumrudisha mwanzo. Ilimpokea katika mwaka wa tatu, naye akapata shahada yake mwaka 1953. Mwaka 1960 alitunukiwa shahada ya udaktari wa falsafa na Chuo Kikuu cha Northwestern, na mwezi Juni, 1962, FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa Rais wake. Aliuawa kwa bomu mjini humo tarehe 3 Februari, 1969.

Lau Oberlin ingalikataa masomo yake ya Johannesburg na Lisbon, Mondlane angalimaliza shahada ya kwanza mwaka 1955, si 1953. Kwa mtu aliyekuwa na miaka saba tu ya kuongoza mapambano kabla ya kuuawa, miaka miwili si jambo dogo. Vivyo hivyo kwa mwana wa mkulima wa Ufipa. Mwaka mmoja wa kurudia ni ada ya mwaka, pango la mwaka, na mwaka mmoja ambao wadogo zake wanaosubiri zamu yao wataendelea kusubiri.

Yapo pia mambo ambayo hakuna mwanafunzi anayeweza kuyazuia. Vita ilipoanza Ukraine tarehe 24 Februari, 2022, wanafunzi wa kigeni waliokuwa nchini humo walizidi 70,000, na Waafrika walikuwa wengi miongoni mwao. Walikimbilia mipakani na begi moja moja. Tarehe 15 Aprili, 2023, vita vilizuka Khartoum, na mwezi huo huo Serikali ya Tanzania iliwarudisha nyumbani raia wake, wengi wao wakiwa wanafunzi. Ofisi za vyuo zilifungwa. Aliyekuwa ameacha hati zake za matokeo katika kabati la chuo aliacha huko miaka yake yote ya masomo. Tanzania yenyewe ilionyesha utu katika msiba huo: Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliwapokea wanafunzi wa udaktari waliotoka Sudan wakaendelea na mafunzo yao ya vitendo. Lakini huruma ya aina hiyo haiwezi kuwa mpango wa kila kijana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu nayo ni mali.

Nini basi kifanyike? Yako mambo yaliyo katika uwezo wa walimu na watumishi wa mkoa huu bila kungoja mkutano wa mawaziri.

Kabla kijana hajaondoka, ihakikishwe kwamba chuo anachokwenda kinatambuliwa na mamlaka ya nchi hiyo: Zambia ina Mamlaka ya Elimu ya Juu, Uganda ina Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, Kenya ina Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Hapa nchini, Tume ya Vyuo Vikuu hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa Watanzania wanaokwenda kusoma nje. Kijana asiondoke bila kuifuata. Maneno ya wakala hayawezi kuchukua mahali pa hati hiyo, hata akiwa na ofisi nzuri na picha za majengo marefu ukutani.

Akiwa masomoni, kila mwisho wa muhula achukue hati ya matokeo yenye muhuri, pamoja na muhtasari wa kila somo, na nakala moja aitume nyumbani ikahifadhiwe. Asingoje siku ya kuhama, maana siku ya kuhama aghalabu ni siku ya matatizo. Kama chuo hutumia Kirusi, Kichina, Kiarabu au Kireno, tafsiri ifanywe na mfasiri anayetambuliwa.

Akitaka kuhama, apate kwanza barua ya chuo kinachompokea inayotaja mambo mawili waziwazi: krediti ngapi zimekubaliwa, na ataingia mwaka wa ngapi. Barua inayosema tu kwamba "amekubaliwa" haitoshi. Asijitoe katika chuo cha kwanza kabla ya kuipata. Tena akumbuke kwamba katika nchi nyingi kibali cha kuishi cha mwanafunzi kimefungamana na chuo. Uingereza, kwa mfano, anayebadili chuo hulazimika kwa kawaida kuomba kibali upya, na Marekani kumbukumbu zake za uhamiaji lazima zihamishwe na vyuo vyenyewe. Anayehama bila kulijua hili anaweza kujikuta ni mkosaji wa sheria ilhali nia yake ilikuwa kusoma.

Akirudi Tanzania, cheti cha sekondari cha nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani, na shahada ya nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Anayesomea udaktari au uhandisi aulize pia katika baraza au bodi ya taaluma yake, kwani chuo kumpokea si sawa na taaluma kumsajili.

Wako watakaosema kwamba dawa ya yote haya ni vijana kubaki nyumbani. Hoja hiyo ina uzito wake na haistahili kudharauliwa. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, kinamfuata mwanafunzi mkoani kwake, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kimefungua kampasi hapa Rukwa. Kijana ambaye kozi yake ipo nyumbani, na fedha za nyumbani ni haba, ana sababu nzuri ya kutokwenda mbali. Lakini taifa linalojitegemea si taifa linalojifungia. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma Makerere, kisha Edinburgh, na alichokipata huko alikirudisha kwa wananchi. Yeye ndiye aliyemfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Wanakijiji wakishatoa chakula chao cha mwisho, wana haki ya kutaka msafiri wao asirudishwe njiani kwa kukosa karatasi ambayo mtu wa ofisini angaliweza kumkumbusha.

Kwa hiyo wajibu unawarudia wale waliosoma kabla. Mzazi wa Mtowisa au Kasanga hana msajili wa kumpigia simu. Ana mwalimu mkuu, ana mtendaji wa kata, ana ofisa elimu. Hao ndio anaowaonyesha barua iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuwauliza, "Mwalimu, hii inasemaje?" Anayejibu kwa haraka kwamba "mambo yako sawa" bila kuisoma hadi mwisho amemwachia mzazi huyo deni la mwaka mzima. Anayeisoma yote, akauliza idadi ya krediti, na akaweka nakala katika kabati la shule, amefanya kazi ambayo haitaandikwa katika taarifa yoyote ya mwaka, lakini ni kazi ya ujenzi wa taifa.

Mkulima wa Ufipa anaifahamu kanuni hii kuliko wengi. Mvua zinapokaribia kwisha hukusanya majani na kuyafukia chini ya udongo, akajenga matuta ya intumba, nayo majani huoza humo. Msimu unaofuata huyasambaza matuta na kupanda nafaka yake katika ardhi iliyokwisha kuwa na rutuba. Hangoji siku ya kupanda ndipo aanze kutafuta mbolea. Jalada la mwanafunzi nalo hutayarishwa msimu mmoja kabla.

Ndugu walimu, ndugu watumishi, kila shule ya sekondari ya mkoa huu inaweza kuanza na jambo moja dogo: daftari la vijana wake waliokwenda kusoma nje, likionyesha chuo, kozi na mwaka wa masomo, na bahasha ya nakala za hati zao. Daftari ni la bei ndogo, na kabati lipo. Anayehitajika ni mwalimu mmoja wa kulitunza, na mkuu wa shule wa kuuliza kila mwisho wa muhula kama limejazwa.